Hodi kwenye Meli Iliyozama

Neno moja la Kiswahili limenitia matatani, nalo ni kuzamia. Kwetu Tanga mtu akisema fulani kazamia, hakuna anayefikiria maji. Maana yake kijana kajificha ndani ya meli ya mizigo ya watu, kwenye tundu ambalo hata panya angelikataa, akitumaini kushuka Ulaya. Mimi nazamia kwa maana ile nyingine, ya kubeba mtungi wa hewa mgongoni na kushuka chini. Nazamia kwenye meli zilizozama, katika bahari za baridi za kaskazini, na kazi yangu ni kumshikia taa mtu anayezipiga picha. Msimu ukiisha narudi Dubai, kwenye joto langu, ninakofundisha watalii kupumua ndani ya bwawa.

Mpiga picha mwenyewe ni mzee wa Kizungu aliyefanya kazi za ujenzi Dubai miaka mingi na sasa amestaafu. Namwita Sir, kama tunavyowaita wote. Alinikuta bwawani nikimtuliza mama mmoja aliyepagawa chini ya maji, akaniuliza kama naogopa baridi. Nikamwambia mimi na baridi hatujawahi kukutana. Akacheka, akanichukua. Watu wanadhani alinichagua kwa ustadi wangu. Alinichagua kwa sababu natumia hewa kidogo na nilionekana mtu asiyebishana, na hilo la pili alikuja kugundua kwamba alikosea.

Mtu wangu mwingine wa Dubai ni Mama Mkubwa, dada wa mama yangu. Mama alifariki sijaanza hata shule, na dada yake ndiye aliyenichukua, akanilea pamoja na mwanawe wa pekee, mvulana aliyenizidi miaka michache. Nilimwita kaka, sikuwahi kumwita vingine. Alikuwa na tabia moja iliyomkera mama yake, ya kutokuingia ndani. Alisimama mlangoni, mkono mmoja juu ya fremu, mwili umeegama, akiuliza kuna nini cha kula. "Mlango wangu hauhitaji bawabu," Mama Mkubwa alikuwa akimwambia. "Ingia au toka." Nami nilimwiga kwa kila kitu, na hilo la kusimama mlangoni nikaliiga pia.

Baadaye Mama Mkubwa akaja Dubai kupika kwenye nyumba ya familia moja yenye asili ya Unguja, akatuacha kwa bibi. Mimi alinivuta huku nilipomaliza shule. Kumvuta kaka hakufanikiwa. Kila mara viza ilikwama, na kijana akachoka kungoja. Siku moja rafiki yake akapiga simu kutoka Dar es Salaam: "Mama, mwanao kazamia. Meli inaelekea kaskazini." Hapakuja simu nyingine. Imepita zaidi ya miaka kumi.

Kaka hakusomewa khitma. Kumsomea mtu khitma ni kukubali kwamba amekufa, na Mama Mkubwa hakukubali. Wenzake walipomshauri kwa upole kwamba sasa imetosha, aliwauliza, "Nani kamwona?" Hilo ndilo lilikuwa sharti lake. Atokee mtu mmoja aseme nilimwona, hai au maiti, na yeye atajua afanye nini. Alitaka kumzika mwanawe au kumpokea, na dunia ilikuwa imemnyima yote mawili. Chumbani kwake mtaa wa Al Baraha, Dubai, anakokaa na mwanamke mmoja wa Kiganda anayefanya kazi ya ulinzi, kulikuwa na mashati aliyomnunulia kaka kwa ajili ya siku atakayofika. Yalikuwa bado na pini za dukani.

Mara ya kwanza nilipokwenda kaskazini nilimpigia simu nikiwa uwanja wa ndege, maana nilijua nikimuaga uso kwa uso atanifungia mlango.

"Mama Mkubwa, nimepata kazi ya msimu. Nakwenda kuzamia meli."



"Na wewe?" akasema.

Nikacheka, Mungu anisamehe. "Siyo kuzamia huko! Kupiga mbizi. Kuna meli zilizama, tunashuka kuziangalia, tunazipiga picha."

"Zilizama lini?"

"Zamani."

"Zilikuwa na watu?"

"Nyingine zilikuwa nao."

Akasema, "Basi uangalie vizuri, mwanangu. Na usiingie meli ya watu bila hodi."

Nilielewa nilivyotaka kuelewa. Mtu akisafiri huambiwa aangalie vizuri, kama anavyoambiwa asisahau sweta. Na zamani, kwangu mimi, ilikuwa enzi za bibi yake bibi yangu. Haikunijia kabisa kwamba kwa mama aliyepotelewa na mwana, zamani inaweza kuwa siku ile ya simu.

Bahari niliyoanzia ni ya Baltiki. Niseme ukweli, baridi ya kule haina adabu. Unavaa nguo za sufu, juu yake suti nene isiyopitisha maji, unaijaza hewa mpaka unakuwa na mabega ya mpagazi wa sokoni Al Ras, Dubai. Kinachobaki wazi ni midomo, na midomo hufa ganzi kabla hujafika chini. Unawasha taa, lakini giza haliondoki, linasogea pembeni kidogo tu likikungoja umalize. Halafu meli inatokea. Maji ya kule yana chumvi kidogo, wale wadudu wanaotafuna mbao hawaishi humo, kwa hiyo meli hukaa nzima, na milingoti yake, na vyombo vyake jikoni. Nilitegemea kuona vyuma chakavu. Niliona nyumba ya watu waliotoka mara moja.

Nikakumbuka hodi. Midomo ilikuwa imeuma mpira wa hewa, kwa hiyo niligonga chuma cha mlango kwa vifundo vya vidole mara tatu. Kutu ikadondoka kama unga mbele ya kamera ya Sir. Tulipopanda juu akanigombeza kwelikweli, akitaka kujua nilikuwa namgongea nani. Nikamjibu kwamba kwetu hatuingii nyumba ya watu kama ng'ombe, na siku hiyo ndipo alipojua kwamba nabishana. Lakini hodi ina sheria yake. Ukiipiga mara tatu bila kuitikiwa, unarudi. Mimi niliingia, kwa sababu nilikuwa nimeajiriwa kuingia.

Sir ana mtindo wake wa kazi. Anasema meli bila mtu ndani yake haina ukubwa, mtazamaji hajui kama anaangalia mlango au tundu la kufuli. Kwa hiyo mimi ndiye kipimo. Ananiweka mlangoni, taa nimeificha nyuma ya mgongo, ili mwanga unizunguke nami nibaki kivuli. Anapiga kati ya pumzi na pumzi, mapovu yasitokee. Picha zake nyingi zina mtu mmoja mweusi kama mkaa amesimama kwenye mlango wa meli, hana uso wala hapumui. Mtu huyo ni mimi.

Niliporudi, Mama Mkubwa alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula ambacho kwa kawaida ni cha Idi. Kabla ya safari ile sikuwa mtoto wake wa kujivunia. Nilikuwa mwanamke aliyepitisha umri bila mume, anayeshinda ndani ya maji na wanaume wenye nguo za kubana. Siku hiyo alinikalisha kitandani kwake, akanimegea samaki kwa mkono wake.

"Umeona nini?"

Nikamweleza milingoti, sahani, ngazi inayoshuka gizani. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si tabia yake.

"Watu?"

"Hapana, Mama Mkubwa. Watu hawapo."

"Inshallah safari nyingine," akasema, akaniongezea wali.

Ningeweza kuelewa hapo hapo. Nilichukulia kwamba ananiombea kazi iendelee.

Aliyenifumbua macho ni yule mwenzake wa chumba. Nilikuwa nimerudi safari ya pili, nashuka ngazi za jengo lao, yeye anapanda kutoka zamu na sare yake ya ulinzi. Akanishika mikono yote miwili. Yeye ni Mkristo, Kiswahili chake ni cha Kampala, na machozi yake yako karibu.

"Mungu akubariki, dada," akaniambia. "Mama ananiambia kila siku. Wewe ndiye unaenda kutafuta mtoto yake kwa maji. Hata mimi nakuombea kanisani."

Nikabaki nimesimama. Maneno yote yakarudi kwa mara moja, uangalie vizuri, umeona nini, inshallah safari nyingine. Nikatamani kurudi juu nimwambie ukweli. Nilipanda vidato viwili vitatu. Kisha nikasikia Mama Mkubwa ndani akiimba huku anakaanga sambusa, yeye ambaye sikumsikia akiimba tangu nilipokuwa mtoto, nikageuka nikaenda zangu.

Nilijiambia ni huruma. Ilikuwa huruma kiasi, sikatai. Lakini nilikipenda kile cheo pia. Nilipenda samaki wa kumegewa, na dua ndefu kabla ya safari, na namna wanawake wa jengo lile walivyonipisha mlangoni kama niliyetoka Hija. Meli tunazozipiga picha zilizama kabla hata bibi hajazaliwa. Kaka hawezi kuwemo humo kama vile mimi siwezi kuwa bibi yangu. Nililijua hilo kila nilipokaa kula. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya mnyamavu ni ndefu, unaitembea unasifiwa.

Hata sala nilizoagizwa sikuzitimiza. Mama Mkubwa alinitaka nisome Fatiha kwenye kila mlango wa meli, kimoyomoyo. Safari ya kwanza baada ya kuagizwa nilisoma. Baadaye vidole vikiwa vinauma kwa baridi na Sir ananionyesha ishara nisogee kushoto, nikawa nasahau. Akiniuliza nilimwambia nimesoma.

Kisha Sir akafanya maonyesho ya picha Dubai. Mama Mkubwa akapata habari kwa yule mwenzake, akaagiza nimpeleke. Nilitoa visingizio vyote: ni mbali, watu ni wa Kizungu, kiyoyozi kikali. "Wewe unaingia kwenye barafu, mimi nishindwe na kiyoyozi?" akauliza. Alivaa buibui lake jipya la kutoka maduka ya Satwa, akajitia udi, tukapanda teksi.

Ukumbi ulikuwa mweupe, kimya, watu wanatembea polepole na glasi za maji ya matunda. Sir alitupokea vizuri mno. Akamwambia Mama Mkubwa kwa Kiingereza kwamba bila mimi picha hizi zisingekuwepo, nami nikamtafsiria nikiona haya. Mama Mkubwa akamjibu "Thank you, sir," kwa heshima ya mtu aliyefanya kazi nyumba za watu maisha yake yote. Kisha akaanza kuzunguka, picha baada ya picha, mikono nyuma.

Picha ya mwisho ilikuwa kubwa kuliko zote, imechukua ukuta mzima. Ni meli ya mizigo, ya chuma. Mlango uko wazi, mwanga wa kijani unatoka ndani, na katikati yake kasimama mtu. Mabega mapana. Mkono mmoja uko juu ya fremu, mwili umeegama. Siku ile mkondo wa maji ulikuwa unanisukuma na nilihitaji kujishikiza. Hivyo ndivyo ninavyojishikiza mlangoni, hata nyumbani.

Mama Mkubwa alisimama. Sikuona uso wake, nilikuwa nyuma, niliona mtandio tu. Akanyoosha kidole mpaka karibu na kioo.

"Huyu hapumui," akasema.

Akaisogelea picha zaidi.

"Hajaingia ndani mpaka leo. Nilimwambia, ingia au toka." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kawaida, kama anaongea na mtu aliye chumba cha pili. "Ndiye. Mabega ya babake haya."

Nilikuwa na neno la kusema, na lilikuwa fupi. Ni mimi, Mama Mkubwa. Nilifungua kinywa. Yeye akageuka, na uso wake ulikuwa umelegea, ule mkunjo wa kati ya nyusi nilioujua tangu utoto haukuwepo. Akanikumbatia hapo hapo mbele ya Wazungu na glasi zao, akasema, "Umemwona. Ahsante, mwanangu. Umemwona." Nikafunga kinywa.

Mpaka hapo ningeweza kujitetea kwamba nilinyamaza tu. Kilichofuata hakina utetezi. Mama Mkubwa aliomba picha ile, ndogo yake, akae nayo. Nilimwomba Sir nakala, akanipa kwa furaha. Nikaipeleka mwenyewe Satwa kwa fundi fremu, nikachagua mwenyewe mbao za rangi ya kahawia, nikasimama dukani fundi akiipangusa kioo na kuniuliza, "Sister, huyu nani?" Nikamwambia ni ndugu yangu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilikuwa nimeshafika kifuani.

Mama Mkubwa akaitangaza khitma.

Ilisomwa pale chumbani Al Baraha, alasiri ya Ijumaa. Vitanda viliegemezwa ukutani, mikeka ikatandikwa mpaka kwenye ujia. Walikuja wapishi na yaya wa Kitanzania, Wakenya wawili wa saluni, na wanawake wa ile familia aliyoipikia, ambao Kiunguja chao ni kizuri kuliko chetu ingawa wengine hawajawahi kukanyaga Unguja. Mwenzake wa Kiganda alikuwa jikoni akikoroga pilau, kitambaa kichwani kwa heshima. Picha ilitundikwa juu ya kabati. Kulinukia ubani.

Aliyeongoza ni mwalimu mmoja wa madrasa, mzee wa ile familia ya Kiunguja, mwanamke mkavu asiyependa mchezo na dini. Msahafu ulikuwa mapajani kwake lakini hakuufungua.

"Kabla hatujaanza," akasema, "mimi nina jambo. Aliyepotea si maiti mpaka ajulikane. Siwezi kumwita mja wa Mungu marehemu naye pengine yupo anakula mkate wake huko. Nimeambiwa kuna aliyemwona. Nani kamwona? Nataka nisikie kwa kinywa chake."

Mama Mkubwa akageuka. Aliniangalia. Wote wakaniangalia, na kwenye ujia wakanyoosha shingo.

Sijawahi kuogopa hivyo chini ya maji. Chini ya maji najua cha kufanya, unashika ukuta, unapumua polepole. Niliinua macho kwenye picha, nikajiona nimesimama mlangoni. Nikasema moyoni, sasa, leo, kwa vyovyote, hata wakinifukuza na viatu vyangu mkononi. Nikanyoosha mkono nikaielekeza picha, nikasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Ni mimi."

"Innalillahi wainna ilaihi rajiun," akasema mwalimu.

Chumba kizima kikaitikia. Mama Mkubwa akafunika uso kwa mtandio, akaanza kulia, kilio ambacho nadhani kilikuwa kikimsubiri miaka yote ile. Wanawake wakamsogelea. Nami bado mkono wangu ulikuwa juu, kidole kinaonyesha picha, na ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Aliuliza nani kamwona. Nikasema ni mimi. Nilikuwa nimetoa ushahidi.

Ukweli niliusema, na uongo ukawa umekamilika kwa ukweli huo huo. Ningeweza kusema tena. Ilihitajika sentensi moja zaidi, yule mlangoni ni mimi, siyo kaka. Lakini mwalimu alikwisha fungua msahafu, juzuu zikagawiwa, na mtu akaniwekea ya kwangu mkononi. Nikasoma. Nilisoma vizuri, bila kukosea, na kila aya niliona aibu. Baadaye nilikula pilau.

Baada ya khitma Mama Mkubwa akanenepa. Majirani walimtania kwamba anatafuta mchumba, naye akawajibu kwamba mchumba huja mwenyewe akisikia harufu ya sambusa. Alikuwa akilala usiku. Nilijiuliza kama dhambi inayomfanya mtu alale usiku ni dhambi kweli, na nilijua najiuliza kwa sababu nataka jibu moja tu.

Kisha siku moja nilikuwa Al Ras kununua karafuu, nikakutana na mpagazi anasukuma mkokoteni wa magunia. Alivaa shati la bluu la mistari, jipya, lenye mikunjo ya boksi kifuani. Nililijua. Nilikuwepo Mama Mkubwa alipomnunulia kaka. Mpagazi akaniambia "Yalla, sister, njia," nikampisha, nikabaki nimeegemea ukuta wa duka la viungo. Sikuwa nimeyafikiria mashati. Nilikuwa nimefikiria machozi na pilau na usingizi. Kama kaka yupo mahali, anakula mkate wake huko kama alivyosema mwalimu, na siku moja akafika Al Baraha akasimama mlangoni, hana hata shati. Na aliyeyatoa mashati yake ni mimi.

Msimu mpya ulipokaribia nilikwenda kuaga. Safari hii nilikwenda mwenyewe, sikupiga simu. Mama Mkubwa alikuwa anakunja sambusa mezani, unga mpaka kwenye viwiko, peke yake chumbani. Picha ilikuwa pale pale juu ya kabati.

"Sir ananiita," nikasema. "Jumapili naondoka."

Akaacha kukunja. Alionekana kushangaa kweli.

"Unakwenda tena?"

"Nakwenda."

"Kumtafuta nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Ningesema ni kazi tu. Ni kweli ilikuwa kazi tu, tangu siku ya kwanza, na kumwambia hivyo kungekuwa ukweli mwingine wa namna ile ile. Nikaenda kabatini, nikaiteremsha picha, nikaiweka mezani mbele yake kwenye unga.

"Mama Mkubwa, huyu hapa siyo kaka. Nisikilize. Huyu ni mimi. Nimevaa suti nene ndiyo maana mabega yamekuwa hivi. Taa iko nyuma yangu. Sir ndiye aliyeniambia nisimame hapo. Hii meli ilizama kabla bibi hajazaliwa. Zote ni za zamani hiyo. Kaka hayumo hata moja. Sikuwahi kumtafuta. Sikumwona."

Hakuniangalia. Alikuwa anaiangalia picha, na kwa kidole chenye unga akaugusa ule mkono ulioshika fremu, halafu akaniangalia mimi. Nilikuwa nimerudi nyuma bila kujijua mpaka mlangoni, na mkono wangu ulikuwa juu.

Nikaushusha.

"Mashati nimeshayagawa," akasema.

"Najua."

"Yote."

Nilisema maneno mengine mengi, ya kuomba radhi, sikumbuki mpangilio wake.  Alirudi kwenye sambusa zake, akazikunja moja moja, pembe kwa pembe, na ule mkunjo wa kati ya nyusi ulikuwa umerudi mahali pake. Mimi ndiye niliyeuona ukirudi. Aliniuliza kama nataka chai, nikasema hapana, nikachukua mkoba wangu. Alinawa mikono akanisindikiza mpaka kwenye ngazi, maana hata mgeni mbaya husindikizwa.

Pale akanishika kichwa akanisomea dua, ile ile ndefu, neno kwa neno. Alipomaliza hakuniachia.

"Basi uangalie vizuri," akasema.

Safari hii nilijua anamaanisha nini. Nilijua pia kwamba katika maji yale hakuna cha kuangalia.

Nikamwambia nitaangalia.